Jeraha Juu ya Jeraha

"Usimtazame usoni," alisema Daktari Kalawati Sookdeo. "Kila anayeingia humu huwatazama usoni. Uso hauna habari. Njoo huku utosini."

Inspekta Merle Joefield akaizunguka meza ya bati akasimama upande wa kichwa. Aliyelala pale alikuwa Ignatius Garraway, mkulima wa kakao wa Petit Bois, umri miaka ishirini na saba. Jumapili jioni alipambana kwenye mchezo wa fimbo mbele ya kijiji kizima, akapasuliwa kichwa na bingwa Eldon Placide, akaenda nyumbani kwa miguu yake mwenyewe huku akitaniwa na rafiki zake. Jumatatu asubuhi akaokotwa amekufa kwenye njia ya mashamba ya kakao. Leo ilikuwa Jumatano, na Placide alikuwa mahabusu.

"Mrakibu wangu anasema habari iko wazi," alisema Merle. "Tangu Krismasi Placide amepasua watu watatu, na wote watatu wamekufa kesho yake. Anasema fimbo imetobolewa ikatiwa chuma ndani. Saa kumi leo anampeleka kwa hakimu, kesi ya mauaji."

"Fimbo ninayo mimi. Nimeipiga eksirei kama mgonjwa wa kifua. Ni mti mtupu toka kichwani hadi mkiani. Mwambie Mrakibu Farfan fimbo haina maradhi yoyote."

"Atasema basi mkono wa Placide ndio wa chuma."

"Ndiyo maana nimekuita badala ya kukuandikia."

Daktari Sookdeo alikuwa mwanamke mfupi, sauti kubwa, mjukuu wa wakata miwa, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna wakili aliyembishia mahakamani akatoka ameshinda. Hilo alipenda lijulikane. Ukutani alikuwa amebandika picha za wafu wawili wa kwanza, Pouchet na Antoine, ambao walikwisha zikwa. Kila mmoja alichunguzwa na daktari wake, mwezi wake, na kila daktari aliandika kwamba marehemu amekufa kwa pigo la kitu butu, akatia sahihi akaenda kula.

"Hapa kuna majeraha mangapi?" aliuliza.

Merle akainama. "Moja."

"Tazama tena."

Akatazama tena, safari hii bila haraka. Juu ya jicho la kulia, pale nywele zinapoanzia, palikuwa na mpasuko mwembamba wa urefu wa kidole. Katikati ya mpasuko huo fuvu lilikuwa limebonyea, duara, upana wa ndimu. Ncha mbili za mpasuko zilichungulia kila upande wa shimo.

"Mawili," alisema Merle. "Jeraha juu ya jeraha."

"Hilo refu ni la fimbo. Limepasua ngozi, basi. Utando unaofunika mfupa haukukwaruzwa hata kidogo. Kingo zake zimevimba na zimeanza kujifunga, mwili ulikuwa na usiku mzima wa kulishughulikia. Hili la pili halikupata nafasi hata ya kuvimba. Alikufa nalo palepale. Na fimbo ikivunja fuvu huacha mfereji, Merle. Hili ni shimo."

"Na wale wawili?"

"Vilevile. Ncha mbili zinachungulia, shimo katikati. Wenzangu waliona jeraha moja kubwa lenye umbo baya. Siwalaumu, kila mmoja aliona maiti mmoja. Mimi nimewaweka watatu bega kwa bega, na watatu ni maandishi, yanasomeka." Akavua glavu moja akaonyesha kwa kidole kitupu, bila kugusa. "Sasa tazama damu ya hili la pili. Imeteremka puani ikadondoka mbele. Haikwenda sikioni, haikwenda shingoni. Mikono safi. Hakuna alama kiganjani wala kwenye kigasha."

Merle aliitazama mikono ile kwa muda. Baba yake alikuwa mcheza fimbo, na nyumbani kwao, ukimpitishia mzee kivuli cha ufagio akiwa usingizini, mkono ulikuwa unainuka wenyewe kukinga kichwa. Mcheza fimbo ambaye hakuinua mkono alikuwa hakuona sababu ya kuuinua.

"Alikuwa ameinama," alisema. "Amemwinamia mtu, kwa hiari yake. Wote watatu. Mtu humwinamia nani, Kala?"

"Mungu."

"Na baada ya Mungu?"

"Kinyozi," alisema daktari, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Na ujue nywele zimekatwa kwa mkasi kuzunguka jeraha. Wote watatu. Zimekatwa baada ya damu ya kwanza kukauka."

Merle alikwisha vaa kofia yake. "Andika hayo yote. Andika na lile la ngozi bila mfupa."

"Hilo nitaliandika kwa herufi za kujivunia," alisema Daktari Sookdeo. "Sijapata kuona kitu kama hicho."

Nje ya kituo cha polisi cha Petit Bois watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, na nusu yao walikuwa wakipiga kelele kwamba muuaji atolewe. Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la mbao lililo mbele ya duka la mikate, alikaa Mama Eutrice Garraway, mama wa marehemu, ajuza mwenye kofia ya kanisani. Alikuwa hapo tangu jana. Hakupiga kelele, hakulia, na hakuna aliyethubutu kukaa karibu naye. Merle alimwinamishia kichwa akapita.

Eldon Placide alikaa mahabusu kama mtu aliyekuja kukagua jengo. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mgongo umenyooka, mvi fupi, na paji la uso lisilo na alama hata moja. Katika uwanja wa fimbo, anayepasuliwa hutembea mwenyewe hadi shimo lililochimbwa katikati, akainama, na damu yake ikadondokea humo huku ngoma zikilia. Wanaume wote wa kusini mwa Trinidad waliopata kushika fimbo walikwisha kuinama juu ya shimo lile. Placide hakuwahi, na kila mtoto wa kijiji alilijua hilo kabla hajajua kusoma.

"Binti Joefield," alisema. "Andika. Niliwapasua wote watatu."

"Sijakuuliza, mzee."

"Ukiniuliza nitasema vilevile. Atakayesema Eldon Placide hakumpasua Garraway ni mwongo, hata kama ni wakili wangu. Ndiyo maana nimemfukuza."

"Kupasua na kuua ni vitu viwili."

"Watu wanasema fimbo yangu imeingiwa na kitu. Wanasema tangu Krismasi ina njaa." Aliyasema kwa sauti ya chini, na Merle akasikia ndani yake huzuni, na chini ya huzuni akasikia kitu kingine kilichokaribia sana kuwa furaha. "Kama mti umeamua kuua, mti ni wangu. Siwezi kujivunia mkono halafu nikaukana."

Merle alimwonea hasira na kumpenda kwa wakati mmoja. Huyu mtu alikuwa tayari kufungwa maisha kuliko kupunguziwa sifa.

"Baba yangu alikuwa anasema unacheza kama mtu anayefukuza kuku bandani."

"Baba yako nilimpasua mara mbili!"

"Ndiyo maana aliijua vizuri hiyo staili ya kuku."

Placide akacheka mpaka akashika mbavu, na askari wa zamu akachungulia kuona kuna nini.

"Unapiga wapi, mzee?"

"Nywele zinapoanzia, juu ya jicho la kulia. Sipigi pengine. Damu ikimwingia jichoni mchezo umekwisha, mtu anakwenda nyumbani kwake." Akatazama mikono yake mitupu. "Fimbo yangu iko wapi? Mnaipaka mafuta?"

"Iko kwa daktari."

"Kavu? Binti Joefield, wewe umelelewa. Mti ulioonja damu hautupwi, hauchomwi, na haulali mkavu. Unatiwa kwenye mwanzi wenye mafuta ya nazi, unapandishwa darini. Hata mwizi wa fimbo analijua hilo."

"Najua. Wa baba yangu uko darini mpaka leo."

"Basi mwambie huyo daktari."

Mlango ukafunguliwa. Mrakibu Farfan alikuwa mtu wa mjini, viatu vyake viking'aa kuliko kesi zake, na alikuwa amekwisha zungumza na redio. "Inspekta, mtuhumiwa amekiri mbele ya askari wanne. Saa kumi gari linaondoka. Kama una lingine, lilete kabla ya hapo. Kama huna, ulinde mlango."

"Nitalileta," alisema Merle.

Kinyozi wa Petit Bois aliitwa Sealy. Alikuwa amemwoa dada yake Garraway, na kwenye harusi yenyewe yeye na shemeji yake waliapizana mbele ya keki. Pouchet na Antoine walinyolewa kwake pia. Mpaka hapo hesabu ilikuwa nzuri, na Koplo Jaikaran, aliyekuwa akila mkate wa dengu huku akiendesha gari, alikwisha kuandaa pingu.

"Koplo," alisema Sealy alipowaona wakiingia, "wewe kwangu unafuata nini? Kichwa hicho nikikitoza pesa ni wizi."

"Funga mdomo," alisema Jaikaran, akishika upara wake.

"Jumatatu alfajiri ulikuwa wapi?" aliuliza Merle.

"Princes Town, napanga foleni ya kung'olewa jino. Nilitoka hapa na gari la kwanza. Dereva muulize, nilimlilia njia nzima." Akapanua mdomo. Pengo lilikuwa jipya, jekundu, na Jaikaran akaacha kutafuna. "Inspekta, na mimi nilikuwa namchukia Ignatius, sifichi. Lakini nilikuwa nataka aishi muda mrefu ili nimchukie vizuri."

Merle akamwonyesha picha aliyoikunja ili ionekane sehemu ya nywele peke yake. Sealy aliitazama akakunja uso kama aliyeonjeshwa maziwa yaliyochacha.

"Mimi nikate hivi? Nifunge duka nikauze samaki. Huyu hakuwa anatazama nywele, alikuwa anatazama kidonda. Hii ni kazi ya Mzee Lezama, mfunga vidonda wa uwanjani, huwakata hivyo wakati wa dawa ya pili."

"Dawa ya pili?"

"Ile ya kesho yake." Sealy akapunguza sauti, ingawa dukani hapakuwa na mwingine. "Jumapili anawafunga kidonda uwanjani, mbele ya watu. Lakini kuna kubadilisha dawa. Anawaambia waje kesho yake kabla ya jua. Hawawezi kukuambia hilo, Inspekta, hata kwa mtutu wa bunduki. Mwanamume wa fimbo aonekane anarudi kwa mfunga vidonda, kama mtoto aliyechubuka goti? Wanapita njia ya kakao watu wangali wamelala. Hata wake zao hawaambiwi. Mimi najua kwa sababu wakija kwangu baadaye naona kilichofanyika kichwani."

Merle alikaa kwenye kiti cha kunyolea. Alikwisha kuhoji wake, ndugu na majirani wa marehemu watatu, na wote waliapa kwamba mtu wao hakuwa na safari yoyote alfajiri ile. Hawakudanganya. Waliishi nyumba moja na kiburi cha waume zao na hawakujua kinatoka kwa mlango gani.

Simu ikalia. Ilikuwa Daktari Sookdeo, na alikuwa akizungumza kabla simu haijafika sikioni.

"Nimekuta kijani kwenye shimo la Garraway. Kimeingia ndani kabisa, katikati ya vipande vya mfupa. Nimekiweka chini ya darubini. Ni majani mabichi, Merle, yametwangwa. Dawa ilikuwa tayari iko kichwani mfupa ulipovunjika."

"Yametwangwa kwa kitu gani?"

"Unaniuliza mimi? Kwenu mlitwangia nini, kijiko? Kwa mchi."

Merle akainuka kutoka kwenye kiti cha kunyolea.

"Mchi wa mama yako ulikuwa na upana gani, Kala?"

"Wa ndimu," alisema daktari polepole. "Wa ndimu, mama yangu."

Cuthbert Lezama aliishi nyuma ya uwanja wa fimbo, kwenye nyumba ya mbao iliyopakwa rangi ya bluu. Kabla ya Placide, mfalme wa uwanja alikuwa yeye. Miaka kumi na minne iliyopita Placide, mwanafunzi wake mwenyewe, alimpasua juu ya jicho la kulia siku ya fainali, Lezama akainama juu ya shimo, na tangu siku hiyo hakushika fimbo tena. Alianza kufunga vidonda vya wengine. Kijiji kilimsifu kwa hilo, mtu aliyeshindwa akageuka kuwa tabibu, na Merle mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliomsifu.

Walimkuta barazani akichambua majani. Kibali cha upekuzi kilikuwa mfukoni mwa Jaikaran. Merle hakukitoa kwanza.

"Karibu, binti wa Joefield. Kaa. Umekonda, kazi ya serikali inakunyonya."

"Nimekuja kuhusu Placide, mzee. Saa kumi wanampeleka."

Lezama akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kovu lake lilikuwa jembamba, la urefu wa kidole, hapo hapo nywele zinapoanzia. Merle alikuwa amelitazama kovu hilo kwa miaka yote kumi na minne na leo ndiyo kwanza aliliona. "Nilimwonya," alisema mzee. "Nilimwambia fimbo hiyo imeingiwa na kitu, iache. Hasikii."

"Jumatatu alfajiri Garraway alikuja kubadilisha dawa?"

"Hakuja. Nilimngoja."

Kando ya mguu wake kulikuwa na kinu. Kilikuwa cheusi kwa uzee, mdomo umelika, kimerithiwa bila shaka kwa bibi yake au bibi ya bibi yake. Mchi uliosimama ndani yake ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa.

"Kinu kizee, mchi mchanga," alisema Merle.

"Wa zamani ulivunjika. Niliutupa."

"Ulionja damu na ukautupa?"

Mkono wa Lezama ukasita juu ya majani. Ulisita kidogo tu, lakini Merle alikuwa anautazama mkono, hakuwa anatazama uso. Uso hauna habari.

"Damu gani?" alisema mzee.

"Mzee Lezama, daktari ameandika kwamba Placide ana mkono ambao hajapata kuuona. Watu watatu, mahali pamoja, urefu uleule, ngozi bila mfupa. Nilikuwa nawaza, ni bahati iliyoje kwa Petit Bois kumpata mtu kama yule."

"Bahati?" Sauti ilimtoka kabla hajaizuia. "Nani alimfundisha kushika mti? Nani alimwambia ipasue ngozi uache mfupa? Ule mkono ni wangu! Yeye anautembeza tu."

"Jaikaran," alisema Merle, bila kuondoa macho kwa mzee, "mpe kibali asome. Halafu panda darini. Kuna mianzi. Shusha yote."

Mianzi ilikuwa sita, minene, kila mmoja umezibwa mdomo kwa nta. Jaikaran aliishusha akihema na kulalamika kuhusu buibui. Merle akaondoa nta mmoja baada ya mwingine. Katika mitano zilikuwamo fimbo za ufalme wa Lezama, ndefu, nyeusi, ziking'aa kwa mafuta. Wa sita alipouinamisha, haikutoka fimbo. Kiliteleza kitu kifupi, kinene, kikagonga sakafu ya baraza.

Ulikuwa mchi. Ulikuwa umekolea mafuta hadi ndani, na kwenye ufa mmoja karibu na kichwa chake nywele tatu nyeusi zilikuwa zimenasa, zimehifadhiwa vizuri kama achari. Angeuchoma, zisingebaki. Angeutupa mtoni, usingepatikana milele. Lakini Cuthbert Lezama alilelewa vizuri, na mti ulioonja damu hautupwi, hauchomwi, haulali mkavu.

Merle hakuugusa kwa mkono. Aliufunga kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika jina lake juu, na akahakikisha Jaikaran ameshuhudia na ametia sahihi.

Lezama alikuwa amesimama. Hakukimbia. Alijinyoosha mpaka akawa na kimo ambacho Merle alikikumbuka tangu utotoni mwake, siku za ufalme wake.

"Mti huo umemshinda Placide," alisema. "Mara tatu. Hilo mliandike."

"Wale vijana walikuinamia, mzee."

"Miaka kumi na minne nafunga vichwa alivyovipasua yeye. Kila Jumapili wanakuja kwangu damu inawatoka, na wanachosema ni Placide, Placide, umeona alivyonipiga? Wanajivunia! Nikasema basi, waanze kumwogopa. Wakimwogopa hawatacheza naye. Asiyechezwa naye si mfalme." Akalishika kovu lake kwa vidole viwili. "Sikutaka wamfunge. Nilitaka akae peke yake barazani, kama mimi."

"Mwenye kovu usidhani kapoa," alisema Merle, na aliona uchungu kulisema, maana alikuwa ameliamini kovu lile kama kijiji kizima. Jaikaran akamvisha pingu. Njiani, walipopita karibu na shimo katikati ya uwanja, mzee aligeuza uso upande wa pili.

Mrakibu Farfan alisoma taarifa ya daktari akiwa amesimama, akautazama mchi ndani ya mfuko, akaisoma taarifa tena. Halafu akasema, kwa heshima ya mtu anayejua redio itapiga tena, kwamba itakuwa busara Bwana Placide apitishwe mlango wa nyuma, kwa usalama wake.

Merle alikwenda mwenyewe kufungua mahabusu. Alimweleza Placide yote, polepole, jeraha la kwanza na jeraha la pili, dawa, mchi, mwanzi. Aliposikia jina la Lezama, Placide alifumba macho.

"Alinifundisha yeye," alisema. Kisha, "Kwa hiyo mti wangu haukuua mtu."

"Haukuua hata kuku."

"Hata mmoja."

Mabega yake yalishuka, na Merle akaona kwamba ukweli ulimwokoa na ulimpora kwa pamoja. Akaitoa taarifa ya Daktari Sookdeo mfukoni, akasoma kwa sauti. "Majeraha ya kwanza kwa marehemu wote watatu yako mahali pamoja, yana urefu mmoja na kina kimoja. Ngozi imepasuliwa, mfupa haukuguswa. Yasingeweza kuua. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi hii sijaona mkono unaojizuia kiasi hiki."

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Unaojizuia," alisema Placide, akilionja neno. Mabega yakarudi mahali pake. "Huyo daktari ni mwanamke? Jumapili aje, atakaa mbele. Kuua, binti Joefield, hata mchi unaweza. Kupasua ngozi peke yake, na mtu anaruka mbele yako na ngoma zinalia, hiyo ndiyo kazi." Akavaa kofia yake. "Haya, tutoke."

"Mrakibu anapendelea mlango wa nyuma."

"Nyuma hupita mapipa ya taka."

Akatoka kwa mlango wa mbele. Kelele zilipanda, kisha zikaanza kufa upande mmoja baada ya mwingine, maana habari za mwanzi zilikwisha wafikia, kijijini habari hazingoji gari la polisi. Watu wakafanya njia. Wengine walimgusa bega, mmoja akaanza kumwimbia, lakini Placide hakumtazama yeyote. Alivuka barabara hadi kwenye benchi la mbele ya duka la mikate.

Mama Eutrice Garraway aliinua uso. Mzee akavua kofia. Kwa miaka yote hiyo kijiji kilikuwa kinangoja kumwona Eldon Placide akiinama, na waliwahi kudhani siku hiyo itakuwa na ngoma. Aliinama mbele ya ajuza yule hadi kichwa kikawa usawa wa mapaja yake.

Mama Eutrice aliweka kiganja juu ya kichwa kile. Akapapasa nywele zinapoanzia, juu ya jicho la kulia, akitafuta kovu. Hakulipata.

"Ulimpasua mwanangu vizuri?" aliuliza.

"Ngozi tu, mama. Mfupa sikuugusa."

"Alilia?"

"Hapana. Aliinama juu ya shimo damu inamtoka, na akaimba. Aliimba mpaka wapiga ngoma ikabidi wamfuate yeye."

"Nilijua," alisema Mama Eutrice, akasogea kwenye benchi ili Placide apate pa kukaa.